Thanksgiving ni sikukuu ya nani hasa? Tufumue huu msuko taratibu

Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni lazima nipate hili swali, na mwaka huu limetoka kwa mdogo wangu aliyeko Arusha, kaniandikia usiku kwenye wasapu: "Dada, hivi hiyo Thanksgiving yenu ni ya kanisa au ya serikali? Maana kuna mtu kaniambia eti wanasherehekea kuua wenyeji wa huko, sasa wewe mtu wa kanisa unaipikiaje?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza ikaisha sijafika hata nusu, ya pili vile vile, ya tatu nikaifuta nikamwambia subiri nitakuandikia vizuri, kwa sababu swali lake ni zuri na halina jibu la mstari mmoja.

Mimi naishi Maryland, Marekani, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilipofika hiyo Thanksgiving, yaani siku ya kutoa shukrani, niliichukulia tu kama siku ya kula na ofisi kufungwa, Alhamisi ya nne ya Novemba, basi. Watoto walivyoanza shule wakawa wanarudi na karatasi wamechora bata mzinga kwa kufuatisha vidole vya mkono, wananiuliza mama hawa watu wenye kofia nyeusi ni kina nani, ikabidi nikae nisome. Na nilivyosoma nikaona hii siku ni kama msuko wa nywele wa mikia mitatu, kila mkia umeota sehemu yake na kwa wakati wake, baadaye sana ndio ukaja mkono ukaisuka pamoja. Ndio maana watu wanagombana kila mwaka, huyu kashika mkia wa dini, yule kashika mkia wa damu, mwingine kashika wa serikali, na wote wana kitu mkononi kweli.

Tuanze na ule wa kanisani. Waingereza waliohamia pwani ya Massachusetts miaka ya 1620 na 1630 walikuwa Waprotestanti wakali haswa, hata Krismasi hawakuitaka kwa sababu hawakuiona kwenye Biblia. Wao walikuwa na siku za aina mbili. Mambo yakiharibika, ukame, ugonjwa, vita, inatangazwa siku ya kufunga na kutubu. Mambo yakinyooka inatangazwa siku ya shukrani, watu wanaacha kazi wanaenda kusali. Haikuwa na tarehe, ilikuja pale ilipostahili. Mwaka 1623 pale Plymouth, kijiji chao kimoja, jua liliunguza mahindi wiki na wiki, wakafunga, wakaomba, mvua ikanyesha, wakatangaza siku ya shukrani, na kwa lugha yao wenyewe hiyo ndiyo ilikuwa shukrani hasa. Chakula hakikuwa hoja.

Mtu aliyekulia kwenye usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri Tanzania, kama mimi hili halimsumbui hata kidogo, maana kwetu uchaggani tuna sikukuu ya mavuno, unaleta ulichonacho mbele ya madhabahu, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo amefungwa miguu anapiga kelele wakati wa mahubiri, halafu ibada ikiisha vinapigwa mnada pale nje. Kuna mwaka masika iligoma kabisa, migomba ikajikunja, na bibi yangu alipeleka mayai sita. Aliyapanga kwenye kikapu kidogo, kila moja kalizungushia kipande cha jani kavu la mgomba yasigongane njiani, tukatembea polepole mpaka kanisani mimi nimeshika ncha ya kanga yake. Mzee mmoja akayanunua yale mayai kwa bei ya jogoo, halafu akayarudisha yauzwe tena, akanunua mwingine naye akayarudisha. Njiani kurudi nikamuuliza bibi kwa nini tusingengoja mwaka wa mavuno mazuri. Akaniambia, "Kuku ametaga. Sasa nisiseme asante?" Hayo maneno nitayarudia.

Mkia wa pili ndio huu wa picha za shuleni, karamu ya 1621, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo penye maumivu.

Hao Waingereza wa Plymouth waliletwa na meli ya Mayflower, abiria 102, ikafika mwishoni mwa 1620 baridi imeshaanza, watu hawajajenga, hawajui kulima ardhi ile, na walipokuwa wanazunguka huko pwani walikuta mahindi ya wenyeji yamefukiwa ardhini kama akiba wakayachukua. Kufikia majira ya machipuko kama nusu yao walikuwa wamekufa. Sasa kitu ambacho ile karatasi ya shule haisemi ni kwamba na wenyeji nao walikuwa kwenye msiba, tena mkubwa zaidi. Kati ya 1616 na 1619 ugonjwa ulioletwa na meli za Wazungu ulipita pwani ile ukafagia vijiji vizima. Plymouth yenyewe ilijengwa juu ya kijiji kilichoitwa Patuxet, mashamba yapo, wenyewe hawapo, wamekufa wote.

Wote isipokuwa mmoja. Anaitwa Tisquantum, wengi wanamjua kama Squanto. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza, Thomas Hunt, aliwadanganya watu wa Patuxet wakapanda melini, akawateka, akaenda kuwauza utumwani Hispania, mji wa Málaga. Sisi watu wa Afrika Mashariki hii hadithi hatuhitaji kuelezwa mara mbili, tuna Bagamoyo, tuna Kilwa. Tisquantum akaponyoka huko, akafika London, akajifunza Kiingereza, akahangaika miaka mitano mpaka 1619 akapata meli ya kumrudisha nyumbani. Anafika, hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna mtu wa kumwambia karibu. Na mwaka uliofuata wanakuja wageni wanajenga nyumba pale pale kwenye makaburi ya ndugu zake, na huyo huyo Tisquantum ndiye anawafundisha kupanda mahindi, unafukia samaki pamoja na mbegu ili ardhi ipate nguvu, na ndiye mkalimani wao. Mimi kila nikifika hapa naacha kusoma kwanza. Alifariki 1622, miaka kama miwili tu tangu wageni wafike.

Mkuu wa Wawampanoag, wenyeji wa pwani ile, anaitwa Ousamequin, cheo chake Massasoit, alifanya mapatano na wale wageni Machi 1621. Hakufanya kwa sababu alikuwa mpole tu kama picha zinavyoonyesha, alikuwa na hesabu zake, watu wake wamekwisha kwa ugonjwa na majirani zao Wanarragansett hawakuguswa sana, kwa hiyo alihitaji mtu wa kusimama naye. Vuli ikafika, wageni wakavuna, gavana akatuma watu wanne wakawinde ndege, Massasoit akaja na watu kama 90, wakakaa siku tatu wanakula, na Wawampanoag wakaenda kuwinda wakaleta paa watano. Tunayajua haya kutoka barua ya Edward Winslow aliyekuwepo, aliiandika Desemba 1621, ni mistari michache tu. Haisemi kama ndege walikuwa bata mzinga. Haisemi Thanksgiving. Ukiangalia vizuri, waliobaki hai kwa wageni ni kama 50, kwa hiyo kwenye ile karamu wenyeji walikuwa wengi kuliko wenye karamu, na nyama ya maana ndio waliileta wao.

Mapatano yalidumu zaidi ya miaka hamsini, kisha wageni wakazidi kuongezeka na ardhi ikazidi kwenda. 1675 vikazuka vita, na aliyewaongoza Wawampanoag ni Metacom, mtoto wa Massasoit yule yule. Aliuawa 1676, kichwa chake kikatundikwa Plymouth juu ya mti kikakaa pale miaka mingi. Mtoto wa mtu aliyeleta chakula. Na kabla ya hapo, 1637, baada ya vita ambavyo kijiji cha Wapequot, wenyeji wengine wa huko, kilichomwa moto watu wakiwa ndani, serikali ya Massachusetts ilitangaza siku ya shukrani kwa ushindi. Kwa hiyo yule aliyemwambia mdogo wangu kuhusu mauaji hakutunga. Alichokosea ni kudhani hiyo ndiyo siku inayoadhimishwa kila Novemba, kumbe zilikuwepo siku za shukrani nyingi sana, za mvua, za mavuno, na nyingine za damu kama hiyo, na sikukuu ya leo haikutoka moja kwa moja kwenye yoyote kati ya hizo.

Ilitoka wapi sasa? Ilitoka kwenye mkia wa tatu, na huu umeshikwa na mwanamke mmoja.

Anaitwa Sarah Josepha Hale, alikuwa mhariri wa jarida la akina mama, mjane mwenye watoto watano wa kulea. Miaka na miaka aliandika tahariri na barua kwa magavana na marais akiomba kitu kimoja, nchi nzima iwe na siku moja ya shukrani, siku ile ile kila jimbo. Kabla yake George Washington aliwahi kutangaza Alhamisi moja, 26 Novemba 1789, lakini haikushika mizizi, Thomas Jefferson hakutaka kabisa kutangaza kwa sababu aliona ni kuingiza serikali kwenye mambo ya dini, na majimbo mengi yalikuwa na siku yao kila moja kivyake. Septemba 28, 1863 mama Hale akamwandikia Rais Abraham Lincoln. Tarehe 3 Oktoba tangazo likatoka, Alhamisi ya mwisho ya Novemba.

Angalia huo mwaka lakini. 1863 Marekani ilikuwa inachinjana yenyewe kwa yenyewe. Miezi mitatu nyuma yake ni vita vya Gettysburg, siku tatu, maelfu kwa maelfu wamelala shambani. Lincoln mwenyewe mwaka uliotangulia alimzika mtoto wake Willie wa miaka kumi na moja. Na tangazo lile, ambalo aliyeliandika ni waziri wake William Seward, linataja mavuno na migodi na watu kuongezeka, halafu linawaambia watu kwamba pamoja na kushukuru watubu pia dhambi za taifa, na wawaweke mikononi mwa Mungu wajane, yatima na wote wenye misiba kutokana na ile vita. Nilisoma hapo mara mbili. Mama yangu amekuwa mjane Aprili mwaka huu.

Na kwenye tangazo lote la Lincoln hakuna Plymouth, hakuna Mayflower, hakuna Massasoit. Hakuna hata neno. Ile karamu ya 1621 ilikuwa imesahaulika karne mbili, mpaka 1841 mchungaji mmoja wa Boston, Alexander Young, alipochapisha barua ya Winslow akaweka maelezo madogo chini ya ukurasa kwamba hii ndiyo ilikuwa Thanksgiving ya kwanza. Maelezo ya chini ya ukurasa! Polepole ndio mikia ikasukwa, mwisho wa karne ya 19 wahamiaji wanamiminika kutoka kila pembe ya Ulaya na shule zinataka hadithi moja nzuri ya kuwafundisha watoto wao uraia, hiyo ya wageni na wenyeji kukaa meza moja ikafaa sana, ikapakwa rangi, msiba ukafutwa.

Habari ya tarehe ni fupi: Rais Roosevelt aliiwahisha kwa wiki moja mwaka 1939 ili wenye maduka wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi, majimbo mengine yakakataa, vurugu tupu, ndipo Bunge likapitisha sheria 1941 ikawa Alhamisi ya nne. Kwa hiyo mdogo wangu, kwa swali lako la kanisa au serikali: ni siku ya serikali kisheria, iliyozaliwa na desturi ya kanisa. Wakanada nao wanayo, yao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, maana huko baridi inawahi na mavuno yanawahi.

Ila ukimuuliza Mmarekani wa kawaida leo atakwambia ni siku ya familia, na hilo nalo lina historia yake. Karne ya 19 vijana wa kule kaskazini mashariki walikuwa wanaacha mashamba ya wazazi wanaenda viwandani mjini au wanakwenda magharibi, na hii ndiyo siku waliyorudi kwa mama. Mtu wa Moshi ataelewa haraka, ni Desemba ya Wachagga kabisa. Lile joto la stendi Dar, mabasi yamejaa, mtu kabeba mchele na sukari na kitenge cha mama, anajua asipoonekana nyumbani Krismasi ataulizwa mpaka Pasaka. Hapa ni Jumatano ya kabla ya Thanksgiving, barabara zimefungana, viwanja vya ndege watu wamelala kwenye mabegi, na wote wanakwenda sehemu moja, kwa mama.

Sasa je, tupike au tusipike? Tangu 1970 wapo wenyeji wanaokutana siku hiyo hiyo Plymouth, kwenye kilima karibu na sanamu ya Massasoit, wanaiita siku ya maombolezo ya taifa. Ilianza pale Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alipoalikwa kuhutubia sherehe za miaka 350 tangu Mayflower ifike, waandaaji wakaisoma hotuba yake kabla, wakaona inasema ukweli mno, wakataka asome nyingine. Akakataa, akaenda kusimama pale kilimani na watu wake. Mimi nawaheshimu sana, na kwangu watoto wanaambiwa habari ya Tisquantum kabla hatujakaa mezani, yote, mpaka Málaga. Kuna mwaka mwanangu wa pili aliuliza, "Alivyorudi akakuta hawapo, alikula nini usiku ule?" Sikuwa na jibu, tukanyamaza tu. Naona kunyamaza kule ni sehemu ya siku yenyewe kama vile sala ilivyo.

Lakini napika. Bata mzinga wa kwanza niliharibu, nilimtoa friza Jumatano jioni nikidhani ni kama kuku, kumbe ndege wa kilo saba anataka siku tatu nne kwenye friji kuyeyuka. Asubuhi nje ameshaanza kuwa laini, ndani barafu, naingiza mkono kumsafisha nakuta mfuko wa karatasi umegandia mbavuni, firigisi, shingo na maini viko humo, vidole vimekufa ganzi nalia jikoni. Jirani yangu mama wa Kimombasa alinikuta hivyo akanisaidia. Yeye ni Mwislamu, bata wake ni halali anampaka bizari na vitunguu saumu na ndimu, pembeni pilau, na nilimuuliza kama haoni shida. Akaniambia Mungu anashukuriwa kila siku, akanisomea ile aya ya Sura Ibrahim, mkishukuru nitakuzidishieni, "lakini siku ambayo watoto wangu wote wanne wako chini ya dari moja, hiyo siiachii." Wapo Waislamu wasioiadhimisha, na wapo Wakristo pia, kila mtu na dhamira yake, na mimi sigombani na mtu.

Kuna desturi moja hapa iliyonipa shida mwanzoni, mnazunguka meza kila mtu anasema anashukuru kwa nini. Kwetu mtu hasimami akataja baraka zake mbele za watu, inaonekana majivuno. Ila nilikuja kugundua sisi hilo tendo tunalo mdomoni siku nzima bila kulihesabu. Unamuuliza mgonjwa kitandani unaendeleaje, anajibu namshukuru Mungu. Unafika msibani, mfiwa macho yamevimba, habari za hapa mama, tunamshukuru Mungu. Mwislamu atasema alhamdulillahi huku kavunjika mguu. Mwanzoni mume wa rafiki yangu, ambaye ni Mmarekani, alidhani ni namna ya kuficha maumivu, nikamwambia hapana, hayajafichwa, si yanaonekana, mtu anakwambia yote mawili kwa pamoja. Na ukirudi kwenye ile mikia mitatu, kila mmoja una msiba ndani yake. Waliokula 1621 walikuwa wafiwa pande zote mbili. Walioambiwa washukuru 1863 walikuwa wanasubiri barua kutoka vitani. Mayai ya bibi yalitoka mwaka wa njaa.

Alhamisi hii tulikaa mezani saa nane mchana, Moshi ni saa nne usiku, mama alikuwa bado macho anatusubiri. Tukaegemeza simu kwenye bakuli la makaroni na chizi ili atuone wote, yeye kajifunga kanga kichwani, taa ya chumbani nyuma yake. Tukazunguka, mume wangu, watoto, jirani na wanawe, mpaka ikafika zamu ya kwenye simu. Mama akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Baba yenu hayupo," akasema. "Namshukuru Mungu. Ng'ombe kazaa juzi, ndama jike."

Mwanangu wa pili akauliza anaitwa nani.

"Hajapewa jina. Nilikuwa nawasubiri nyie."